Haki za Wanaoishi Nyumba Moja

(Somo la Akhlaq)



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwanafunzi mpendwa, darasani umekwishasoma haki za wazazi, haki za jamaa na haki za jirani. Tunapotaja jirani, mawazo yetu huenda kwenye nyumba ya pili, ng'ambo ya ua. Leo tumtazame aliye karibu zaidi ya huyo. Ni yule wa chumba cha pili, mnayepakana naye ukuta, mnayetumia naye choo kimoja, bomba moja, mita moja ya Luku na mlango mmoja wa mbele.

Somo hili linatuhusu sana sisi wa Dodoma. Katika sensa ya mwaka 2012 mji huu, ulipokuwa bado Manispaa, ulikuwa na watu 410,956. Katika sensa ya mwaka 2022, ukiwa tayari Jiji, ulikutwa na watu 765,179. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa kimeanzishwa mwaka 2007, na kuanzia 2016 Serikali ikaanza kuhamia hapa kwa kishindo. Watu wote hao wametaka pa kulala. Ndiyo maana Majengo, Chang'ombe, Nkuhungu au Kizota utakuta nyumba ya vyumba sita ina familia nne au tano, na kule Ng'ong'ona vijana wa chuo wamekodi chumba kimoja watatu. Baadhi yenu mnaosoma jarida hili mmezaliwa katika nyumba za namna hiyo, na wengine mtaingia humo mkimaliza shule.

Wala si jambo geni katika nchi hii ya kati. Wagogo walijenga tembe, nyumba ndefu ya fito na udongo yenye paa bapa la udongo, inayozunguka ua. Ndani yake kila mke au kijana aliyeoa alikuwa na sehemu yake na jiko lake, na ng'ombe walilala katikati. Paa lilikuwa moja. Aliyezembea kutengeneza upande wake kabla ya mvua za Desemba alimvujishia na mwenzake. Tutalirudia jambo hilo mbele kidogo.

MWENZA WA UBAVUNI

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke yake, Allah (s.w.) ameamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, masikini, jirani wa karibu na jirani wa mbali. Kisha ametajwa mtu mwingine, "as-swaahibi bil-janbi", yaani mwenza aliye ubavuni. Ni nani huyu?

Wanavyuoni wa tafsiri wamesema mengi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa ni mwenza wa safari. Wengine wakasema ni mke. Zayd bin Aslam akasema ni yule unayekaa naye mjini na unayefuatana naye safarini. Imam at-Tabari, baada ya kuzitaja kauli hizo, aliona kuwa neno linawabeba wote, kwa kuwa kila mmoja wao yuko ubavuni mwa mtu. Basi mpangaji mwenzako anaingia katika aya hii kwa milango miwili. Ni jirani wa karibu, na ni mwenza wa ubavuni.

Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuwa ana majirani wawili, ampelekee yupi zawadi. Akamjibu kuwa ampe yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi naye. Hadithi hii iko katika Sahihi ya Bukhari. Sasa pima mwenyewe hatua zilizopo kati ya mlango wa chumba chenu na mlango wa chumba kinachotazamana nanyi kwenye korido.

NYUMBA YA ABU AYYUB

Tunao mfano wa nyumba ya kuchangia kutoka kwa bora wa viumbe, na ni ajabu kwamba hatuufundishi vya kutosha. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub al-Answari (r.a.), na imepokewa kuwa alikaa hapo kiasi cha miezi saba mpaka msikiti na vyumba vyake vilipokamilika. Nyumba ilikuwa ya ghorofa. Mtume akachagua kukaa chini, kwa sababu ilikuwa nyepesi kwake na kwa watu waliokuwa wakimjia. Mgeni alichagua upande ambao wageni wake hawatapita ndani ya faragha ya wenyeji.

Usiku mmoja Abu Ayyub alizinduka, akawaza, vipi tunatembea juu ya kichwa cha Mtume wa Allah? Yeye na mkewe wakajibanza pembeni mpaka asubuhi. Katika mapokezi mengine, mtungi wao wa maji ulivunjika kule juu. Walikuwa na shuka moja tu nzito ya kujifunika, hawana nyingine. Wakaichukua hiyo hiyo na kufyonza maji sakafuni, wakiogopa tone lisimdondokee aliye chini. Mwishowe Abu Ayyub akamwomba Mtume apande juu, na Mtume akakubali.

Lipo na la chakula. Nyumba ile ilikuwa ikimpelekea Mtume chakula, na sahani ikirudi Abu Ayyub akiuliza vidole vya Mtume vimegusa wapi. Siku moja sahani ikarudi haikuguswa. Akashituka, akapanda kuuliza. Kilikuwa na kitunguu saumu. Akauliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa si haramu, lakini Mtume hakipendi. Abu Ayyub akasema naye anakichukia anachokichukia Mtume. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim.

Angalia vizuri, mwanafunzi. Mambo yaliyomshughulisha swahaba huyu ni mlio wa nyayo, tone la maji na harufu ya chakula. Hayo hayo ndiyo yanayogombanisha wapangaji wetu leo. Tofauti ni kwamba Abu Ayyub aliyaona kabla mwenzake hajalalamika.

"CHUMBA CHANGU, KODI YANGU"

Kuna maneno yanayosikika sana katika nyumba za kupanga: "Mimi niko chumbani kwangu, kodi nimelipa." Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano unaoyajibu maneno haya, katika hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyopokewa na Bukhari. Watu walipanda chombo na kugawana nafasi kwa kura, baadhi juu na baadhi chini. Wa chini wakitaka maji walilazimika kupita kwa wa juu. Wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwasumbue wenzao. Mtume akaeleza kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote.

Watu wengi husahau kwamba wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuondoa usumbufu. Na sehemu waliyotaka kuitoboa ilikuwa yao kwa haki ya kura. Madhara mengi ya nyumba ya pamoja huanza hivyo hivyo, kwa mtu anayejishughulikia mambo yake ndani ya mipaka yake.

Mfano mkubwa hapa kwetu ni jiko la mkaa. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Dodoma ni baridi kali, na watu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha na kulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huivuta asijue, na anaweza asiamke. Sasa kumbuka jinsi nyumba zetu nyingi zilivyojengwa. Kuta za vyumba huishia chini ya paa, na juu yake pako wazi au pana dari moja tu. Hewa ya chumba kimoja ni hewa ya vyumba vyote. Jiko ni lako, lakini mtoto mchanga wa chumba cha jirani hakuulizwa. Tena Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya nyumba iliyowaka moto usiku pale Madina ikiwa na watu wake ndani, aliamrisha moto uzimwe kabla ya kulala. Kwa hiyo anayemwambia mpangaji mwenzake, "Ndugu yangu, toa jiko nje," asionekane ni mwenye kiherehere. Huyo anaokoa chombo.

Mfano wa pili ni waya. Mpangaji anajiungia umeme mwenyewe kwa waya mwembamba ili aongeze soketi. Ukiungua, hauulizi nani alilipa kodi.

MAJI NA LUKU

Dodoma ni nchi kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Kuna siku bomba halitoi. Siku hizo ndoo za uani hugeuka mali, na dumu la lita 20 lina mwenyewe anayelijua hata kwa mkwaruzo. Kuchota katika ndoo ya mtu bila idhini, hata maji ya udhu, ni kuchukua mali ya mtu. Baadhi ya vijana hudhani kuwa kwa kuwa ni kwa ajili ya swala basi imesameheka. Haijasameheka. Omba, na ukinyimwa, tayammam ipo katika sheria kwa asiyepata maji.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyojaa, kwa makadirio kama robo tatu ya lita. Mudi nne ndiyo pishi inayotajwa hapa, yaani lita tatu hivi. Kwa hesabu hiyo dumu moja la lita 20 lingetosha watu watano kuoga josho kamili, na likabaki la udhu. Jaribuni madrasa siku moja kwa kikombe, mtaona kuwa inawezekana.

Luku nayo ina fitina zake. Nyumba ina mita moja, na wapangaji wanachanga sawasawa kila umeme unapoisha. Sawasawa inasikika kama uadilifu, lakini tupige hesabu. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila usiku, kwa siku 30 inakula yuniti moja na nusu. Jiko la umeme la wati 1,500 likiwaka saa moja tu linakula yuniti moja na nusu. Maana yake saa moja ya kupika maharage kwa jiko hilo ni sawa na mwezi mzima wa taa ya bibi anayeishi peke yake chumba cha mwisho. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni siku kumi za taa yake. Wakichanga sawa, bibi anawapikia wengine, na pengine haya zinamzuia kusema.

Basi mwenye jiko la umeme, friji au pasi aseme mwenyewe, "Mimi natumia zaidi, nitaongeza." Asisubiri aulizwe. Penye uwezo, kila chumba kiwekewe mita yake ndogo, ugomvi uishe. Na tangu Agosti 2021, kodi ya jengo hukusanywa kupitia Luku. Kodi hiyo kwa asili ni ya mwenye nyumba, ila anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Wapangaji na mwenye nyumba wakae waelewane jinsi ya kuirudisha, kwa mfano kuipunguza kwenye kodi ya chumba. Mwenye nyumba Muislamu anayejua kwamba wapangaji wake wanamlipia na akanyamaza, ajiulize hiyo fedha ni ya nani.

Kwa nini tunazungumzia shilingi mia mbili mia tatu katika somo la dini? Kwa sababu hizi ni haki za waja. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako unaitubia, Naye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja inamngoja mwenyewe. Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Vilevile aliwaeleza maswahaba habari za aliyefilisika katika umma wake. Huyo ni mtu anayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, huku amemtukana huyu na kula mali ya yule, na mema yake yote yakagawiwa waliomdai. Kijana aliyehama Ng'ong'ona usiku baada ya mtihani wa mwisho, akiwa hajalipa mchango wa maji na umeme wa miezi miwili, amewaachia wenzake watatu dai. Simu zao anazo, na kutuma fedha leo ni kazi ya dakika moja.

MLANGO, PAZIA NA MACHO

Sehemu hii ni yenu zaidi, wanafunzi wadogo. Katika nyumba ya wapangaji watoto huingia kila chumba, wakifuata katuni au harufu ya chapati. Suratun-Nur, aya ya 27 na 28, imekataza kuingia nyumba zisizo zetu bila kubisha na kutoa salamu, na ukiambiwa rudi, urudi. Kwa mpangaji, chumba ndiyo nyumba. Pazia ni mlango. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo imeweka nyakati tatu ambazo hata watoto wa ndani ya familia wabishe hodi: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya swala ya Isha. Ikiwa mtoto anabisha hodi kwa wazazi wake, itakuwaje kwa mama wa chumba cha tatu?

Sahl bin Saad (r.a.) amepokea kuwa mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.), na Mtume akamkemea vikali, akibainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Kwa hiyo anayebisha hodi huku ameshafunua pazia hajabisha hodi.

Kwa watu wazima, mahali pa mtihani ni uani. Dada anatoka bafuni na kanga, kaka anaingia na ndoo. Mwanamume anapokaribia ua apige hodi au akohoe, angoje sauti, na ainamishe macho. Wanawake nao wabebe nguo za kutosha kwenda bafuni. Si vizuri mwanamume na mwanamke wasio maharimu wakabaki wawili tu ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama kila mmoja ana chumba chake. Fungueni mlango wa mbele, au mmoja akae barazani.

SAUTI

Hapa sisi watu wa dini tuna la kujiangalia. Mtu anafungua mawaidha kwenye redio saa kumi alfajiri, sauti ikavuka dari, na mwenzake aliyetoka zamu ya usiku hospitalini hajalala. Mtume (s.a.w.) akiwa itikafu msikitini aliwasikia watu wakisoma Qur'an kwa sauti. Akafunua pazia akawaambia kuwa kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane wala asimnyanyulie mwenzake sauti katika kisomo. Hadithi hii imepokelewa na Abu Dawud. Ikiwa Qur'an yenyewe, tena msikitini, imewekewa adabu hii, redio na simu zina hoja gani?

ASIYE WA DINI YETU

Katika Dodoma ni nadra nyumba kuwa na Waislamu watupu. Abdullah bin Amr (r.a.) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akauliza zaidi ya mara moja kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama. Akataja wasia wa Jibril kuhusu jirani, uliokaririwa mpaka Mtume (s.a.w.) akadhani jirani atarithishwa. Swahaba huyo hakuona kuwa tofauti ya dini inamtoa mtu katika wasia.

Swali ambalo wazazi huuliza mara kwa mara ni la kitimoto na pombe. Jirani akipika chake katika sufuria yake, ndani kwake, hilo ni lake. Usimtukane wala usizibe pua mbele yake. Wewe tenga vyombo vyako na umweleze kwa upole tangu siku ya kwanza, kabla hajakuazima sufuria. Watu wengi hapa ni waungwana, wakijua watakulinda wao wenyewe. Aliyeelezwa baada ya matusi ndiye hukaidi. Nawe ulinde ibada yake vilevile. Jumapili asubuhi anapojiandaa na watoto kwenda kanisani, usiwe wewe uliyelikalia bafu nusu saa.

ZAMU YA CHOO

Kwa ufupi: iandikwe, ibandikwe ukutani, na mwenye shahada ya chuo naye awemo. Kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani. Choo kinachotumiwa na watu kumi na wanne ni njia pia.

ULIMI

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alitajiwa mwanamke anayeswali usiku na kufunga mchana, lakini anawaudhi majirani kwa ulimi wake. Akasema hana kheri, ni wa motoni. Katika nyumba ya kupanga kuta ni nyembamba, kwa hiyo utasikia mengi: ugomvi wa mume na mke, njaa ya mwisho wa mwezi, kilio cha mgonjwa. Uliyoyasikia kupitia ukuta ni amana. Usiyapeleke kisimani wala dukani. Ukisikia njaa, peleka uji. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kuongeza maji katika mchuzi na kuwagawia majirani. Hakumwambia aongeze nyama, kwa maana huenda hana.

ZOEZI LA NYUMBANI

Jioni ya leo kaa na mzazi au mlezi wako mwandike majina ya watu wote mnaokaa nao nyumba moja, hata mtoto mchanga. Mbele ya kila jina andikeni kitu kimoja mnachotumia pamoja naye, na kama kuna deni, kubwa au dogo, la fedha, la maji au la maneno. Usilete karatasi hiyo madrasa. Ustadhi atakuuliza Jumamosi jambo moja tu: ni madeni mangapi yamekwishalipwa.

Wabillahi tawfiiq.